Masomo ya Pushi

Kwetu Katuba paka anaitwa pushi. Nkambo, mzaliwa wa Sakania ambaye Kibemba ndiyo lugha yake ya kwanza, alikuja na neno hilo nyumbani, nasi wajukuu tulilikuta humo kama tulivyoikuta meza. Nilipoingia mwaka wa kwanza hapa fakulteni ndipo nilipoanza kusema "paka" hata mbele yake. Makala haya yanahusu neno hilo, mdogo wangu mwenye miaka sita, na shule moja ambayo haipo.

Mdogo wangu alianza shule ya msingi mwezi wa tisa. Wiki ya tatu akakataa kwenda. Asubuhi alijificha chooni, akavua viatu, akasema tumbo linamuuma. Ilitubidi tumbembeleze siku mbili kabla ya kuujua ukweli. Mwalimu alikuwa amewaonyesha picha kitabuni: mwanamke amesimama na watoto watatu. Akamuuliza mdogo wangu anaona nini. Naye akajibu vizuri kabisa, kama tunavyosema sisi sote nyumbani: "Mama na batoto yake." Mwalimu akacheka, kalasi zima likacheka nyuma yake. Kisha akaambiwa hajui Kiswahili.

Tafadhali, msomaji, usiharakishe kumlaani mwalimu. Ana watoto wengi kuliko madawati, na yeye mwenyewe alicheka kama alivyochekwa zamani. Mimi nilichoshangaa ni kitu kingine. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka lugha hizo, au lugha za mazingira, zitumike kufundishia. Wakubwa wetu waliadhibiwa shuleni kwa kutojua Kifaransa, na tulidhani aibu hiyo itapungua mtoto akianza kusoma katika lugha ya mama yake. Mdogo wangu alianza kusoma katika lugha ya mama yake, na akaaibishwa kwa lugha ya mama yake.

Sasa, wakati huohuo pushi wa Nkambo alikuwa amezaa. Watoto wanne, chini ya kitanda, kati ya sanduku la vitambaa na ndoo ya unga. Jioni ya siku ya pili ya mgomo nikamwambia mdogo wangu uongo wa kwanza uliokuja kichwani: kwamba hata hao wanakwenda shule, na hakuna anayejificha chooni.

Alinitazama kwa mashaka. "Batoto ya pushi banasomaka wapi?"

"Hapohapo, chini ya kitanda."

"Banasoma nini?"

"Banasoma kuwa pushi."

Shule hiyo tuliijenga jioni baada ya jioni, kwa muda wa zaidi ya mwezi mmoja. Pushi mama tulimwita Madamu, kwa sababu ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita mwalimu wa kike. Alikuwa mwalimu, direkteri na mlinzi. Minervali haikuwapo, ila kila mzazi alitakiwa kuleta kichwa kimoja cha ndakala.

Somo la kwanza lilikuwa Kufumba Macho. Watoto wa paka huzaliwa macho yamefumba, nayo hufumbuka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi. Kwa hiyo wanafunzi wote walipita. Somo la pili lilikuwa ile sauti ya kooni ambayo paka huitoa akiridhika. Hili walifika nalo tayari, maana huanza siku chache tu baada ya kuzaliwa, na Madamu akawapa alama bila kuwauliza. Mdogo wangu alilipenda sana jambo hilo: kwamba kuna masomo ambayo mwanafunzi anayaleta mwenyewe kutoka tumboni, na mwalimu anayakubali.

Somo la Kuitwa Jina lilikuwa gumu zaidi. Madamu anaposoma orodha asubuhi, anayeitika anapata sifuri. Pushi wa kweli hulisikia jina lake, hugeuza sikio moja, na kubaki alipo. Somo la Mlango lilichukua wiki nzima: kulia mpaka mlango ufunguliwe, na ukishafunguliwa kukaa kizingitini na kufikiri. Inspekta alikuwa mbwa wa jirani. Alipokuja kukagua, kalasi zima lilipanda juu ya kabati, naye akaandika katika ripoti yake kwamba shule haina wanafunzi.

Somo la Kuanguka nililiandaa maktabani, kwa sababu mdogo wangu alianza kuuliza maswali ya kweli. Nikasoma kwamba mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga picha nyingi za haraka za paka akiangushwa chali, ili kuonyesha jinsi anavyojigeuza hewani na kutua kwa miguu. Nikasoma pia kwamba mtoto wa paka hazaliwi na ufundi huo ukiwa kamili. Huanza kuonekana akiwa na wiki tatu au nne, na kukomaa karibu na wiki ya sita au ya saba. Kabla ya hapo anaanguka kama kiazi. Mdogo wangu akauliza kama Madamu anawacheka wanaoanguka kama kiazi. Nikamwambia hapana, anawalamba. Kesho yake akavaa viatu, akaenda shule. Huko alikaa kimya, hakujibu swali lolote, lakini alikwenda.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Jioni moja Nkambo, aliyekuwa akipepeta unga na kujifanya hasikii, akaingilia kati. Alitaka kusimulia pushi wa utotoni mwake Sakania. Akaanza: "Zamani batoto ya pushi ya kwetu..." Na mimi, niliyekuwa na interogasheni ya sarufi asubuhi yake, nikasema bila kufikiri: "Watoto wa paka, Nkambo. Si batoto ya pushi. Watoto wa paka wetu."

Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtu anayefuta makombo mezani. Nkambo aliacha kupepeta. "Kumbe miye sijue kusema?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira. Akaendelea na unga wake, na hadithi ya Sakania hakuimaliza. Mdogo wangu alinitazama mimi, akamtazama Nkambo, akatazama chini ya kitanda. Nililitambua tazamo lile. Katika masomo yetu ya kubuni sasa kulikuwa na mwalimu mmoja anayecheka, na mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Kwa siku nyingi Nkambo alisema nami kwa maneno ya lazima tu: chakula kiko tayari, funga mlango, maji yamekwisha. Mtu anayemfahamu anajua kwamba hiyo ni adhabu kubwa, kwa sababu kwake hata kununua chumvi kuna hadithi.

Aliyetupatanisha ni pushi. Watoto walikuwa na wiki kama tano. Asubuhi moja Madamu akaingia na panya aliyekufa, akamweka mbele yao, akakaa pembeni. Watoto wakarudi nyuma kwa hofu. Mmoja akamgusa kwa mguu na kukimbia. Siku chache baadaye akaleta panya aliye nusu mzima. Kisha akaleta mzima kabisa, akamwachia. Yule mdogo mwenye doa jeupe aliruka, akakosa, akajigonga kwenye ndoo. Panya akakimbilia ukutani. Madamu alimfuata, akamkamata, akamrudisha palepale, mbele ya yule aliyekosa.

Nkambo alikuwa kitandani, miguu juu kwa ajili ya usalama. Alisahau kwamba hasemi nami. "Unaona? Mama yabo njo mwalimu. Analetaka kwanza yenye kufa, kisha yenye iko nusu, kisha yenye iko muzima. Na mutoto akikosa, hamucheke. Anamurudishia."

Sikusahihisha neno. Nilichukua daftari nikaandika kama alivyosema, irabu kwa irabu.

Sote tunajua methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa maana hiyo shule yetu ya chini ya kitanda ingekuwa kazi bure: mtoto wa pushi ni pushi, aende shule asiende. Lakini mwaka 1930 mwanasayansi Mchina, Zing-Yang Kuo, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa watoto wa paka. 21 walikua wakimwona mama yao akiua panya, na 18 kati yao wakawa wauaji wa panya. 20 walilelewa peke yao bila kufunzwa, na 9 waliua. 18 walikua na panya katika kizimba kimoja, na ni 3 tu walioua, tena hakuna aliyemuua mwenzake wa kizimba. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi, wala somo peke yake halifanyi kazi yote. Wale 9 hawakufunzwa na mtu. Mtoto anafika na kitu, na mwalimu anaanzia kwenye kitu hicho.

Mdogo wangu alifika shuleni na kitu gani? Alifika na Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho hakikuokotwa jana. Kilikuzwa na watu walioletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda-Urundi na kwingineko kufanya kazi katika migodi na nyumba za Wazungu, tangu siku za Union Minière iliyoundwa mwaka 1906. Walihitaji kuelewana, na walielewana. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wetu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, akiwazungumzia hasa waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani. Maprofesa wa ng'ambo wameichapisha na kuichambua. Wengine wetu tutaandika tasnifu kuhusu viambishi vyake. Ni ajabu basi kwamba "batoto" ya André Yav ni data, na "batoto" ya mtoto wa miaka sita ni kosa.

Sisemi kwamba Kiswahili sanifu hakina faida. Ndicho ninachoandikia hapa. Ndicho kinachoniwezesha kumsoma Shaaban Robert, na kuelewana na dereva wa lori anayefika Kasumbalesa kutoka Dar es Salaam. Nataka mdogo wangu akipate chote. Ninachosema ni kwamba njia ya kukifikia inapita kwenye "batoto". Mwalimu anaweza kusema: ndiyo, mama na batoto yake, umeona vizuri, na katika kitabu wanaandika "watoto wake". Sekunde tano tu. Mtoto anabaki na maneno mawili badala ya kubaki na aibu moja. Nasi tunaosoma hapa ili tuwe walimu, tutasimama siku moja mbele ya picha hiyohiyo, mbele ya mtoto kama huyo. Mtihani wetu wa kweli ni huo, na hautaandikwa kwenye karatasi.

Nilikwenda kumwomba Nkambo msamaha Jumapili, baada ya bukari. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Aliniacha niyamalize, kisha akauliza: "Unalomba musamaha mu Swahili ya wapi?" Nikacheka, naye akacheka, na hadithi ya Sakania ikaanza upya tangu mwanzo, kwa sababu Nkambo haanzi hadithi katikati.

Watoto watatu wamekwisha kwenda kwa majirani. Amebaki yule mwenye doa jeupe, ambaye mpaka leo hajakamata panya hata mmoja. Amekamata nyenje mmoja na soksi. Kabla ya sikukuu za Noeli mdogo wangu alisema lazima apewe buletini, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amepewa yake. Tukakata karatasi. Yeye akasema alama, mimi nikaandika: Kulala 100%, Kuitwa Jina 90%, Mlango 95%, Panya 20%. Juu, palipo na jina la mwanafunzi, niliandika "Paka".

Aliisoma polepole, kidole chini ya kila herufi. Kisha akachukua kalamu, akalikata neno hilo kwa mstari mmoja, na kuandika pembeni, kwa herufi kubwa zilizoinama: PUSHI.

"Ku masomo banasema paka," akanieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Hapa ni pushi."

Nikamuuliza kama shuleni siku hizi anajibu maswali. Akasema mara moja moja, akiwa anajua. Kisha akaenda chini ya kitanda kumpelekea mwanafunzi buletini yake, naye, kama alivyofundishwa, aligeuza sikio moja na kubaki alipo.