Tablo Ukutani, Maneno Mbele ya Mbabula

Tunaandika wawili, bwana na bibi. Kalamu ni moja, maneno ni ya wawili, na pahali tusipopatana tutasema wazi. Tulifunga ndoa mwaka 1973 hapa Lubumbashi, mji ambao wazee wetu waliuita Elisabethville mpaka mwaka 1966. Leo vijana wakiingia katika saloni yetu wanaona televisheni, kalenda ya parokia na picha za wajukuu, nao wanadhani kuta za nyumba zetu zilikuwa hivyo siku zote. Sivyo. Katika miaka ile ya 1970, mtu aliyepata kazi, akisha kununua meza na viti vinne, alitafuta na tablo.

Tablo hizo hazikutoka Bulaya. Zilichorwa na vijana wa Katuba, wa Kenya, wa Kamalondo, ambao wengi wao hawakufundishwa kuchora na mtu yeyote. Walitwaa gunia la unga, lile la nguo, wakalifua hata maandishi yakafifia, wakalipigilia juu ya mbao nne, wakalipaka nyeupe, kisha wakachora. Rangi ikikauka walibeba tablo kwapani, wakaenda nyumba kwa nyumba, baa kwa baa, wakitafuta mnunuzi. Kitu walichouza kiliitwa ukumbusho. Neno hilo lina maana yake. Ukumbusho si kitu cha kupendeza macho tu. Ni kitu kinachomfanya mtu aliyekaa kimya aanze kusema.

Tusiwachanganye vijana hao na mafundi wengine wa mji wetu waliowatangulia. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa nyumba ya kazi iliyoitwa Hangar. Kutoka humo walijulikana Pilipili Mulongoy kwa samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole pasipo burashi. Kazi zao zilinunuliwa hasa na Wazungu, zikaenda mbali. Bwana anazipenda kuliko zote. Bibi anasema samaki wa Pilipili ni wazuri kweli, lakini hajaona watu wakibishana mbele ya samaki. Tablo za Katuba tulizinunua sisi wenyewe, na tulibishana.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mchoraji wa namna hiyo. Jina lake tunalificha, maana watoto wake wangali mjini. Mkewe aliuza makala sokoni. Jioni tulitoa mbabula nje, bukari ikapikwa, sombe ikachemka, na sisi wanne tukaongea mpaka usingizi ulipotushinda. Watu husema wachoraji wanaongea habari za uzuri. Yule wa kwetu aliongea habari za bei ya rangi, habari za bukwe wake, na habari za mamba muntu.

Wasiomjua mamba muntu, tuwaeleze. Ni mwanamke wa majini, juu mtu, chini samaki, mwenye ngozi nyeupe na nywele ndefu. Wanasema mtu akipata unywele wake, au kitana chake, basi usiku mwanamke yule atamjia katika ndoto kudai kitu chake, nao watafanya mapatano: huyu atapewa mali, lakini atafunga kinywa. Wakati ule mamba muntu alikuwa katika saloni nyingi sana, amekaa kando ya maji, na saa mkononi.

“Baba,” mke wa mchoraji akauliza jioni moja, “huyu wa majini mbona amevaa saa? Maji hayaiharibu?”

“Mama, mnunuzi akiona saa anajua kwamba huyu ana mali. Nikiondoa saa, anabaki samaki.”

Bibi wa kwetu hakucheka. Alisema kwamba mwanamume anayetundika ukutani mwanamke asiye na nguo, mwenye siri na mwanamume na mwenye kugawa mali, anamwambia mkewe jambo fulani. Mchoraji akajibu kwamba wanunuzi wake wengine walisema wanaitundika ili wajikumbushe hatari yake. “Hatari gani hiyo,” akauliza mkewe, “inayopakwa rangi nzuri namna hii?” Tulinyamaza kidogo. Tangu jioni hiyo neno la uaminifu katika ndoa liliingia katika mazungumzo yetu, na tuliambiana mambo ambayo hatukuwahi kuambiana tangu arusi. Mambo hayo si ya kuandikwa hapa. Lakini tunakiri kwamba hakuna mahubiri yaliyotufikisha huko. Ni yule mwenye saa.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mchoraji alichoka. Alituambia, “Nimemchora mamba muntu mpaka mkono unamchora peke yake, na macho yangu yako njiani yanatazama nani anapita.” Alitaka kuchora mambo ya baba zetu, yaani ile tablo inayoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari anampiga chikoti, mkubwa Mzungu anasimama akitazama, bendera iko juu, na wanawake wamekuja kuwaona waume zao. Wengine waliichora na kuiuza vizuri. Lakini yeye hakutaka kuiga ya wengine. Alitaka kwanza kwenda kuwauliza wazee, kukaa nao, kuandika, kisha achore. Kazi ya miezi.

Mkewe hakumficha neno. “Baba, mwezi uliopita picha zako zilikula makala yangu. Watoto wawili wamerudishwa kutoka masomoni kwa sababu ya mafaranga. Chora mamba muntu wawili, ulipe. Kisha uwaulize wazee hata mwaka mzima.”

“Na nikifa mbele ya mwaka huo?”

“Ukifa, watoto watakuwa wamesoma.”

Hapo sisi wawili hatukupatana, na hata leo bado. Bwana anaona kwamba mtu aliyepewa mkono wa namna ile hana ruhusa ya kuutumia kwa samaki mwenye saa. Bibi anaona kwamba mke yule alisema maneno ya mtu anayejua ndani ya chungu mna nini, na kwamba wanaosifu kazi ya fundi mara nyingi wamekwisha kula kwao. Wasomaji mwamue.

Alichora mamba muntu wawili. Mafaranga ya masomo yakalipwa. Kisha akachora Colonie belge moja, nasi tukainunua kwa zaire mbili, fedha ya siku zile. Chini yake aliandika miaka 1885–1959, kama walivyoandika wenzake. Mwalimu mmoja wa barabara yetu alipoiona akasema ni uongo, maana toka 1885 nchi ilikuwa ya mfalme Leopold wa Pili, na Ubelgiji iliichukua mwaka 1908 tu. Mchoraji akamsikiliza kwa heshima, akasema, “Mwalimu, ni kweli. Lakini aliyelala chini alijua tofauti?” Mwalimu alikunywa maji yake, akarudi tena Jumapili iliyofuata kuendelea na ubishi. Walibishana miezi mitatu. Walikuwa marafiki.

Mwaka ule mama mkwe alikuja kutoka upande wa Kongolo kumwona mjukuu wake wa kwanza. Kwa heshima ya kwetu Bwana hakula naye, akaingia na kutoka kwa kupiga hodi. Mama mkwe aliiona tablo, hakusema kitu. Siku ya tatu akamwambia binti yake, “Geuzeni hicho kitu kitazame ukuta.” Tukakigeuza. Siku ya tano akasema, “Kirudisheni, nimwambie aliyechora mambo aliyokosea.”

Mchoraji akaja, akavua kofia, akaketi chini kwenye mkeka.

“Mama, nifundishe.”

Akaanza. Kwao walilimishwa pamba. Ile pamba ya lazima ilianza katika Kongo mwaka 1917, naye alikuwa mtoto mdogo wakati baba yake alipopigwa kwa sababu shamba lake halikutimia kipimo. Neno la kwanza lililokosewa, alisema, ni uso wa askari. Mchoraji amemfanya mkali kama simba. Askari yule alikuwa amekula kwao jana yake, na alipopiga alitazama pembeni. Neno la pili ni wanawake. Katika tablo wanalia. “Hatukulia,” akasema. “Mama yangu na shangazi zangu walihesabu. Kulikuwa na hesabu iliyoamriwa, na wao walitaka kujua kama inazidishwa.”

“Mama, walihesabu kwa sauti?”

“Kwa vidole. Chini ya kikwembe.”

Katika nyumba ile palikuwa na binti aliyeishi na mama huyo miaka yote ya utoto wake, asisikie neno hili hata siku moja. Bibi alisahau chungu motoni. Jioni ile tulikula bukari iliyoungua, na hakuna aliyelalamika.

Mchoraji akachora upya. Askari anatazama pembeni. Wanawake wamesimama wima, macho makavu, na mikono yao haionekani, imefichwa chini ya nguo. Sisi tuliona kwamba hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Aliizungusha Katuba, akaizungusha Kenya, akaipeleka mpaka Kamalondo. Hakuna aliyeinunua. Mtu mmoja alimwambia, “Fundi, mbona mama hawa hawana mikono? Kuchora mikono kumekushinda?” Mwingine alidai machozi, na kwa machozi angelipa zaire tatu. Sisi tulitaka kuinunua, lakini mwezi ule tulikuwa na mtoto mgonjwa na hatukuwa na hata makuta kumi. Naye hakuwa na gunia jingine. Mwisho aliipaka nyeupe yote, akachora mamba muntu juu yake, na tablo ikauzwa siku ileile. Basi wale mama wako chini ya rangi, katika nyumba fulani ya mji huu, kama nyumba hiyo ingali inayo.

Mmoja wa wachoraji wa mji wetu alipata bahati ambayo jirani yetu hakuipata. Ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947. Mwaka 1973 alifahamiana na mwalimu wa Universite, Mjerumani aitwaye Johannes Fabian, aliyejua Kiswahili cha kwetu. Tshibumba alimchorea historia yote ya nchi, tangu wazee wa kale mpaka siku zile, tablo 101, na juu ya kila moja walizungumza kwa Kiswahili, maneno yakashikwa na mashini. Mazungumzo hayo yalitokea katika kitabu mwaka 1996. Hapo mchoraji hakuulizwa habari za rangi tu. Aliulizwa anavyofikiri, naye alisema waziwazi kwamba yeye ni mtu wa historia.

Katika tablo zake iko ile ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Watatu wamelala, na nyuma yao ziko misalaba mitatu. Bwana alipoiona mara ya kwanza katika kitabu alishtuka, akasema msalaba wa Golgota haukopeshwi kwa mambo ya siasa. Bibi akasema kwamba Mkristo akitafuta namna ya kuonyesha mtu aliyeuawa pasipo hukumu ya haki, atatwaa picha gani nyingine? Ndiyo aliyofundishwa katika katekisimu. Juu ya jambo hili tumeongea mara nyingi, na Bwana amepunguza sauti kidogo, si zaidi.

Toka karibu mwaka 1981 Tshibumba hajulikani aliko. Kila mara Bwana anaposifu tablo zile 101, Bibi anauliza swali lake moja: siku zile zote alipokuwa anachora na kuzungumza, nani alinunua makala?

Turudi kwa jirani. Ajabu ya nyumba yake ni hii: kuta zilikuwa tupu. Mtu aliyejaza saloni za wengine hakuwa na tablo hata moja kwake. Mkewe aliomba moja. Alitaka tablo ya soko, meza yake, magunia yake, yeye mwenyewe amevaa kikwembe cha arusi. Mume akaichora, ikaja siku ya Jumamosi, mnunuzi akaipenda, ikaenda. Akachora ya pili, ikaenda. Ya tatu vilevile, na safari hiyo mke hakusema naye siku mbili.

Ya nne alipoimaliza alimpa mbele yetu sisi mashahidi, akasema, “Mama, hii ni yako, hata Mobutu akija siitoi.” Mke akaitazama sana. Akasema kikwembe kimetoka vizuri, lakini magunia ya makala amemchorea machache. Kesho yake alfajiri akaibeba kichwani pamoja na mzigo wake, akaiegemeza sokoni kwenye magunia yenyewe, na kabla ya saa sita ameiuza kwa zaire tano.

Mume alikasirika juma zima. Tulipomwuliza kama ni kwa sababu zawadi yake imeuzwa, alisema hapana. Ni kwa sababu ya zile tano, maana yeye miaka yote hakupata zaidi ya tatu. Baada ya hapo tablo zote zilikwenda sokoni na mama, pamoja na makala, na mchoraji akabaki nyumbani, burashi mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, akilinda chungu cha sombe.