Nyimbo na Riziki

Riziki ni neno fupi, lakini njia ya kuifikia ni ndefu. Mkulima huitafuta katika udongo, mvuvi huitafuta katika maji, na mwalimu huitafuta katika akili za watoto wa watu wengine. Watu hawa hakuna awaulizaye kama kazi zao ni kazi. Mwanamuziki peke yake ndiye huulizwa. Akisema kuwa yeye ni mpigaji gitaa huambiwa, "Vema, lakini kazi yako ni ipi?" Mimi nimeulizwa swali hili na jamaa zangu, na wenye nyumba nilizopanga, na hata na mtu mmoja ambaye wakati ule ule alikuwa akicheza kwa sauti ya gitaa langu. Sina kinyongo na waulizao. Swali lao ni la haki, na wewe usomaye, ambaye labda umejaliwa sauti nzuri au vidole vyepesi, utaulizwa siku moja. Kwa hiyo nataka kukueleza mapema mambo niyajuayo, kwa kadiri ya ujuzi wa mtu aliyeishi kwa muziki miaka 15 pasipo kuajiriwa na kampuni yoyote.

Kwanza tutazame tulikotoka. Zamani sauti ya mwimbaji ilipita katika milango michache, na kila mlango ulikuwa na bawabu wake. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, aliyeanza maisha yake kwa kuuza vyungu, alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ndipo sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Mashine ya kunasia sauti ilikuwa mali ya wengine. Meli, sahani na maduka vilikuwa mali ya wengine vile vile. Mali yake yeye ilikuwa ni sauti, na sauti ni mali isiyoweza kufungiwa kabatini.

Baada yake walitokea watu waliotaka kuushika ufunguo wa mlango kwa mikono yao. Joseph Kamaru, aliyezaliwa mwaka 1939 katika Murang'a na kufariki mwaka 2018, alikuwa mmoja wao. Aliimba kwa lugha ya Kikuyu, lakini hakuridhika na kuimba tu. Alifungua duka lake la muziki katika River Road, Nairobi, ili fedha ya wimbo isipotee njiani kabla ya kumfikia mwenye wimbo. Ulikuwa ushujaa mkubwa, walakini hata mwenye duka hakuwa salama. Zilipokuja kaseti, mwizi mwenye mashine mbili aliweza kuifanya kaseti moja izae nyingine nyingi kwa usiku mmoja, na kila iliyouzwa na mwizi ilikuwa sahani ya chakula iliyoondolewa mbele ya mtunzi.

Kisha ikaja intaneti. Kamaru ana mjukuu mwenye jina lile lile la babu yake, ambaye katika muziki hujulikana kwa jina la KMRU. Kijana huyu amezitoa upya nyimbo za babu yake katika Bandcamp, duka la intaneti ambamo msikilizaji hununua muziki kutoka kwa mwenyewe, na duka hukata 15 kwa mia ya bei. Muziki wa mjukuu ni wa namna nyingine kabisa: huenda na kinasa sauti, akakusanya milio ya mahali, na kuisuka pamoja na milio ya mitambo mpaka iwe muziki. Mwaka 2020 alitoa albamu iitwayo Peel, ikapokewa vizuri katika nchi za mbali. Kwa hiyo katika ukoo mmoja twaona zama mbili. Duka la babu lilikuwa na mlango, kufuli na kodi ya kila mwezi. Duka la mjukuu halina kuta, na mnunuzi aweza kuingia usiku wa manane wakati mwenye duka amelala.

Watu husema kuwa sasa mlango umefunguka. Ni kweli, lakini kweli hii ina nusu mbili, moja tamu na moja chungu, na mtu akikulisha moja tu hakukutendea wema.

Nusu tamu ni hii. Mimi hurekodi katika chumba changu cha kulala. Husubiri mpaka matatu za mwisho zipite, nikaegemeza godoro dirishani ili kuzuia kelele za mtaa, nikaweka kipaza sauti juu ya meza ya kulia chakula. Kompyuta yangu ni ya mkono wa pili. Wimbo ukiisha, humpelekea msambazaji kwa intaneti, na baada ya siku chache waweza kusikika Lamu, Kisumu na Toronto kwa saa moja. Siti alivuka bahari ili sauti yake isikike; sauti yangu huivuka pasipo mimi kuondoka kitandani. Muuguzi mmoja Mkenya afanyaye kazi Uingereza aliniandikia kuwa wimbo wangu humsindikiza katika zamu zake za usiku. Sijapata kumwona. Hata hivyo, furaha niliyoipata siku ile sikuipata katika kumbi nyingi zilizojaa watu.

Nusu chungu ni hesabu. Majukwaa ya muziki hayana bei maalum ya wimbo kama sokoni kulivyo na bei ya kibaba cha mahindi. Fedha za wasikilizaji waliolipa ada, pamoja na fedha za matangazo ya biashara, hutiwa katika chungu kimoja. Jukwaa hupakua sehemu yake, na mabaki hugawanywa kwa wenye nyimbo kwa kadiri nyimbo zao zilivyosikilizwa. Mwenye kusikilizwa sana hupata upawa, mwenye kusikilizwa kidogo hupata kijiko. Tena msikilizaji wa nchi ambayo ada yake ni kubwa huleta fedha nyingi kuliko msikilizaji wa nchi ambayo ada yake ni ndogo, ingawa wote wawili wameusikiliza wimbo mmoja kwa mapenzi mamoja. Spotify, iliyofunguliwa kwa Wakenya mwaka 2021, tangu mwaka 2024 hailipi kitu kwa wimbo usiofikisha masikilizo 1,000 katika miezi 12. YouTube nayo, kwa njia ya video ndefu, haimgawii mtu fedha ya matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, kila sikilizo moja laleta senti 30 za Kenya. Masikilizo 1,000 yataleta shilingi 300. Mtu apangaye chumba cha shilingi 9,000 hana budi kusikilizwa mara 30,000 kila mwezi ili apate kodi tu, kabla hajanunua unga, mafuta ya kupikia wala nyuzi za gitaa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina mdomo mpana.

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili naomba ruhusa ya kubishana nao. Methali ile ilitungwa katika soko dogo ambamo mnunuzi aliweza kuzunguka na kuona kila kilichotandazwa. Soko la leo halizungukiki. Nyimbo zimiminikazo kila siku ni nyingi mno, na wimbo mzuri uliokaa kimya hufunikwa kama lulu iliyo chini ya mchanga. Siku hizi kizuri nacho sharti kitembezwe. Ndiyo sababu nusu ya siku yangu haipitii katika gitaa. Hupita katika kujibu ujumbe, kukata video fupi, kuwaandikia watangazaji wa redio, na kuandika hesabu. Wako vijana wanaouacha muziki kwa sababu hawakuipenda nusu hii. Siwalaumu, ila nakuonya: mwanamuziki asiye na bwana ni bwana, karani, mchukuzi na mfagizi wa duka lake mwenyewe.

Sasa nikusimulie jambo lililonipata, maana mausia pasipo mfano ni maneno matupu. Mwaka mmoja wimbo wangu mmoja ulianza kupendwa. Kampuni moja ikaniletea mkataba, ikitaka kuununua wimbo ule, utunzi wake na sauti yake iliyorekodiwa, kwa shilingi 40,000 za mara moja, uwe mali yao milele. Mwezi ule kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa siku 12, na binti yetu alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Shilingi 40,000 zilikuwa mezani, na njaa haina subira ya kusoma sheria. Mke wangu aliusoma mkataba mara mbili, kisha akauliza, "Baba Neema, neno hili 'milele' wamelitia bei gani?"

Nikakumbuka habari za Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi wimbo wake Mbube katika Johannesburg, na haki zake akaziacha kwa kampuni kwa shilingi 10. Mwaka 1961 wimbo ule, katika vazi la Kiingereza, ulivuma Marekani kwa sauti za The Tokens, na baadaye ukaenea duniani kote. Linda alifariki mwaka 1962 katika umaskini. Warithi wake walipata mapatano yenye haki mwaka 2006, miaka 44 baada ya kifo chake.

Tuliurudisha mkataba bila sahihi. Niliuza kinanda changu kwa shilingi 22,000, karo ikalipwa, na mwenye nyumba akakubali kungoja. Nisikufiche lililofuata. Mpaka leo majukwaa hayajaniletea kwa wimbo ule shilingi 40,000 kamili. Mtu apimaye kwa mizani hiyo peke yake atasema kuwa nilipata hasara. Lakini harusi 11 zimeniita kwa sababu ya wimbo ule ule, na kila harusi ililipa zaidi ya masikilizo ya mwaka mzima. Tena kila nimpapo mtu ruhusa ya kuutumia katika tangazo au katika filamu, ni mimi nitiaye sahihi. Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya wimbo katika zama hizi. Mara nyingi wimbo wenyewe haulipi. Wimbo ni mpiga mbiu aendaye mbele yako, akawaambia watu kuwa fundi yupo.

Kwa hiyo riziki yangu ni kama mto wenye vijito vingi. Kiko kijito cha harusi na karamu. Kiko cha wanafunzi wanane nifundishao gitaa siku za Jumamosi. Kiko cha majukwaa ya intaneti. Na kiko cha nyimbo ambazo watu huziweka katika simu ili ampigaye mwenzake azisikie wakati wa kungoja. Kwa kijito hiki cha mwisho sheria ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022, ikaamuru kuwa mwenye wimbo apate sehemu isiyopungua 52 kwa mia. Kijito kimoja kikikauka, kama vilivyokauka vya kumbi na harusi mwaka 2020 wakati wa korona, vingine huniwezesha kuvuka kiangazi.

Jambo la mwisho ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo mmoja una mali mbili: utunzi, yaani maneno na sauti zilizotungwa, na rekodi, yaani sauti ile iliyonaswa siku ile. Mali hizi zaweza kuwa za watu wawili mbalimbali, na mikataba mingi hula watu kwa sababu hawakuzitenga. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo mwenye kutia sahihi leo huwatilia sahihi na watoto ambao hawajazaliwa. Wimbo wa Malaika, ambao Fadhili William aliurekodi, na baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba na kundi la Boney M., umeshangiliwa katika mabara mengi. Na bado watu hubishana juu ya nani hasa aliutunga. Kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu, na umaarufu huwavuta wengi wadai.

Basi ukitunga wimbo wako wa kwanza, usikimbilie kuurusha hewani. Kaa chini kwanza. Andika jina lake, siku uliyoutunga, na majina ya wenzako waliokusaidia, pamoja na sehemu ya kila mmoja, na wote mtie sahihi mngali marafiki. Uandikishe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kisha rudi kwenye gitaa lako ujifunze zaidi, kwa maana daftari hulinda wimbo mzuri, lakini halijapata kuutunga hata mmoja.