Picha ya Colonie Belge ukutani kwetu

Mtu akisikia neno mila, mara moja anawaza ngoma, mahari, kilio, majina ya mapacha. Sisi hatukatai. Lakini katika vijitabu kama hiki ni mara chache mtu anaandika juu ya picha zilizotundikwa katika salo za wazee wetu hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Ndugu msomaji, tunaomba utupe ruhusa tuziingize nazo katika mila, kwa sababu zilikuwa na desturi zake: mahali pa kuzitundika, saa ya kuzieleza, na mtu mwenye haki ya kuzieleza.

Kwetu, komini ya Katuba, zilikuwa mbili. Moja ilikuwa Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na mama hakuipenda hata kidogo. Ya pili ilikuwa Colonie belge. Wenye umri wetu wanaijua vizuri. Ni kiwanja cha gereza, bendera ya Ubelgiji iko juu. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, polisi ameinua fimbo ya ngozi ya kiboko. Wafungwa wengine wamevaa mipira ya mistari, wamama wanalia pembeni. Mzungu amesimama na nguo nyeupe, kiko mdomoni, anatazama tu. Chini fundi ameandika kwa herufi kubwa: COLONIE BELGE 1885-1959.

Baba aliinunua kwa kijana mmoja aliyepita mlangoni, kabla sisi hatujazaliwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini siku za Mungu, kabla ya kula, aliweza kutugeukia sisi watoto na kuuliza:

– Ule mwenye kuchapa, ni muzungu?

– Hapana, baba. Ni mutu mweusi sawa sisi.

– Na mwenye kuchapwa?

– Naye mweusi.

– Sasa muzungu anafanya nini?

– Anavuta kiko.

– Basi mumesikia. Kuleni.

Hakuongeza kitu. Tulikula bukari huku tukiiangalia ile picha, na kila mmoja alijiuliza kimoyomoyo angekuwa nani pale kiwanjani. Hatujui somo lingine la historia lililotuingia namna hiyo.

Baadaye tulisoma ISP, tukapata diplomu, tukaanza kufundisha. Pale chuo tulifundishwa kuchunguza kila karatasi ya zamani: nani ameiandika, lini, kwa faida ya nani. Ni elimu nzuri na tunaishukuru. Ila karatasi zenyewe, karibu zote, ziliandikwa na yule mwenye kiko. Barua za wakuu wa eneo, ripoti za kampuni, vitabu vya wamisionari. Hata mwalimu mwenye nia njema, akizifuata hizo peke yake, atajikuta anasimama pale Mzungu aliposimama na kuangalia kiwanja kutoka upande ule.

Njo yaliyotupata mwaka 2011. Katika mtihani wa kalasi ya tano ya sekondari tuliuliza: koloni ya Ubelgiji ilianza mwaka gani, ikaisha mwaka gani? Jibu la programu ni 1908 hadi 1960, maana kutoka 1885 hadi 1908 nchi ilikuwa ya mfalme Leopold II mwenyewe. Mwanafunzi mmoja akaandika 1885-1959. Tulipiga msalaba mwekundu, mara mbili. Aliporudishiwa karatasi alikuja mezani, akasema pole pole:

– Mwalimu, njo vile iko pa picha kwa kambo.

Kalasi ilicheka. Nasi tulicheka. Tunaandika hili kwa haya.

Usiku ule hatukulala vizuri. Kweli, tarehe 15 Novemba 1908 Leopold aliitoa nchi, Ubelgiji ikaipokea. Karatasi zilitiwa saini kule Bruxelles. Lakini kwa yule aliyelala chini kilibadilika nini? Fimbo ilikuwa ile ile. Idadi ya mapigo ilipunguzwa kidogo kidogo, na fimbo yenyewe ilifutwa kwa sheria mwaka 1959. Mwaka ule ule, tarehe 4 Januari, watu wa Léopoldville waliinuka. Ukihesabu kwa karatasi, mwanafunzi alikosea miaka yote miwili. Ukihesabu kwa fimbo, alipata. Na fundi wa picha, ambaye sisi wenye diplomu tulidhani hajui tarehe, alikuwa amepima ukoloni kwa kipimo cha waliochapwa.

Mtu aliyeonyesha kuwa picha hizi ni historia nzima, si mapambo, ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 hapa hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na alitembeza picha zake nyumba kwa nyumba. Mwisho wa mwaka 1973 alifika mlangoni kwa Johannes Fabian, profesa Mjerumani aliyekuwa anafundisha kwenye chuo kikuu cha hapa. Wakasikilizana. Katika mwaka uliofuata Tshibumba alileta historia yote ya Zaire, picha 101, na kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga ambacho wengine wanakiita kibovu. Fabian alirekodi maneno yake, na mwaka 1996 yakatoka katika kitabu pamoja na picha. Tshibumba mwenyewe hakukiona, kwa namna tunavyoweza kufikiri. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua yuko wapi.

Tazama anapoanzia. Vitabu tulivyosomea vilianza na Diogo Cão kufika kwenye mdomo wa mto mwaka 1482, kama vile nchi ilikuwa imelala ikimngojea. Tshibumba anaanza na nchi yenyewe na wazee wake. Mreno anawakuta watu wako nyumbani kwao. Kisha anashuka mpaka kwetu: Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliyepigwa risasi na kapteni Bodson tarehe 20 Desemba 1891 kwa kuwa alikataa kuinamia bendera ya Leopold. Anachora wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kupigwa risasi Élisabethville mwezi wa Desemba 1941, wakati walikuwa wanadai tu mshahara unaotosha kula. Tumefundisha miaka zaidi ya kumi na tano katika mji huu, na bado kila mwaka tunakuta wanafunzi wenye kambo waliofanya kazi mgodini, ambao hawajasikia hata neno moja juu ya 1941.

Na Lumumba. Serikali ya Tshombe ilitangaza mwezi wa Februari 1961 kwamba wanakijiji ndio waliomuua yeye, Mpolo na Okito walipotoroka. Radio ilisema hivyo. Tshibumba aliwachora watatu wamelala wafu, na nyuma yao misalaba mitatu. Anayekwenda kanisani haulizi maana yake. Ilichukua mpaka mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikubali kwamba mawaziri wa Ubelgiji walikuwa na daraka katika kifo kile, na mpaka 2022 jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lirudishwe nchini. Wakati huo misalaba ile ilikuwa imechorwa karibu miaka hamsini.

Hatusemi fundi wa picha hakosei. Mwalimu wa historia hawezi kumeza kila kitu, hata kama kimechorwa vizuri, na kuna mahali Tshibumba anachanganya watu na miaka. Tangu ile 2011 sisi tunaweka vyote viwili mezani, karatasi na picha, na kuwaacha wanafunzi wabishane. Inspekta mmoja alituuliza picha iko ukurasa gani wa programu. Tulimjibu kwa heshima kwamba bado hatujaufikia.

Kizazi kipya nacho hakikulala. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alitoa mwaka 2006 kazi yake Mémoire: amechukua wafanyakazi wa picha za kikoloni, wale waliosimamishwa mbele ya kamera kama mali ya kuhesabiwa, akawaweka mbele ya viwanda vilivyokufa vya siku hizi. Hana brashi, ana kompyuta. Ila ulizo ni lile la baba: nani anachapa, nani anachapwa, nani anatazama?

Sasa turudi Katuba, kwa sababu kuna jambo hatujalisema. Ile picha haiko tena. Mwaka 1993 pesa ya zaïre ilikuwa inaanguka kati ya asubuhi na mchana, na baba alikuwa ameshinda miezi bila mshahara. Alikuja Mzungu mmoja na mchuuzi wa kumwongoza, wakawa wanapita katika mitaa kuuliza picha za zamani. Mamba Muntu hawakuitaka, ilikuwa imeliwa na mchwa. Colonie belge waliitoa ukutani sisi tukitazama. Bei ilitosha kununua mifuko miwili ya unga. Mama alisema asante. Baba alitoka nje. Kuanzia siku ile hakutuuliza tena lile ulizo, na ukutani palibaki alama nyeupe ya pembe nne mpaka tulipohama.

Zile 101 za Tshibumba ziko Amsterdam, katika makumbusho. Zinalindwa na mchwa na mvua, na hilo si dogo. Lakini wazee hawakuziita makumbusho, waliziita ukumbusho, kitu cha kukufanya ukumbuke na kusema. Picha yahitaji salo, bukari mezani, na mzee wa kuuliza.

Yule mwanafunzi alitupeleka kwa kambo yake wiki ile ile. Mzee alitukaribisha viti, kisha akatuangalia kwa jicho baya na kusema: «Mwalimu, kama umekuja kununua, haiuzwi.» Tulimweleza habari ya mtihani. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akatueleza picha kwa saa mbili, akianza na jina la gereza ambamo baba yake alichapwa. Kesho yake tulimrudishia mwanafunzi pointi zake mbele ya kalasi.

Kambo alifariki mwaka 2016. Kijana anafanya kazi Kolwezi sasa, na picha anayo. Juzi alitutumia sura yake kwa simu: rangi ya bendera imebanduka karibu yote, uso wa Mzungu umefifia, ila polisi na mfungwa wanaonekana wazi. Anauliza kama ampe fundi aipake rangi upya au aiache hivyo. Bado hatujamjibu.