Nyumba Zenye Namba

Mama yangu alizaliwa ndani ya namba. Usishangae, msomaji. Baba yake alitoka Songea miaka ya 1950 kuja kukata mkonge upande wa Kimamba, wilayani Kilosa, na enzi zile mkata mkonge hakuwa na jina mbele ya tajiri. Alikuwa na namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Kazi yake ilihesabiwa kwenye kipande, siku 30, na chumba alichopewa nacho kilikuwa na namba mlangoni.

Sisi watoto tumekulia Mikumi, kando ya barabara kuu, kwa hiyo habari za kambi tulizisikia tu. Mwaka jana nikaamua kwenda kuona. Kati ya Mikumi na Kilosa kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na utingo hachoki na utani wake: "Wa Ulaya, pasi mkononi!" Kilosa mjini, ambako tangu 2024 treni ya umeme inasimama, nikabadili gari kwenda Kimamba.

Kambi ni laini za nyumba zinazotazamana, mlango kwa mlango, mabati yameshika kutu. Kila kitu kilikuwa cha tajiri: chumba, bomba, zahanati, hata duka la kukopa unga. Ukigombana na nyapara asubuhi, jioni huna kazi, na huna pa kulala pia. Hapo ndipo penye siri ya mji wa namna hii.

Na tajiri mwenyewe habaki. Mjerumani Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893. Kufikia 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani. Nailoni ikashusha bei, serikali ikataifisha mashamba mengi 1967, na miaka ya 1990 yakauzwa tena. Pale Rudewa, jirani tu, kampuni ya Kichina ikachukua shamba. Kwao China makampuni hujenga mitaa mizima, maghorofa, shule na maduka ndani ya ukuta mmoja. Lakini anayehamia hununua chumba chake, na haki ya ardhi inaandikwa miaka 70. Babu yangu alipewa ufunguo tu.

Nikamkuta bibi mmoja anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa nani wewe?"

Nikasema wa mzee Ngonyani. Akacheka.

"Ngonyani yupi? Hapa akina Ngonyani walijaa kama mkonge. Namba yake?"

Jamani! Nikampigia mama simu. Mama ana miaka sitini na ushee, miwani hukumbuki alipoiweka, lakini hakusita hata kidogo: "Mia tatu kumi na saba." Bibi akasikia kwenye simu, akanyoosha ungo: "Laini ya pili, pale penye mpapai."

Palikuwa na familia nyingine. Wakanikaribisha ndani, wakanipa kigoda. Chumba kimoja, dirisha moja. Watu saba walilala humu, mama akiwa mmojawao. Niliporudi kwa bibi nikamuuliza:

"Nyumba hizi za nani sasa?"

"Za shamba."

"Na shamba?"

"La mwenye shamba."

"Ndiye nani?"

"Huyo ndiye anayebadilika, mwanangu. Sisi tupo palepale."

Yeye ameishi chumba kile zaidi ya miaka 50. Mume alikuwa wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, na kelele zake zilimwachia uziwi. Watoto watano wamezaliwa humo. Miembe ya uani kaipanda yeye. Karatasi? Hana hata moja.

Nyuma ya kambi kuna makaburi. Misalaba ya mbao, mingine imeliwa na mchwa, lakini iliyobaki imeandikwa majina. Namba sikuiona. Babu yuko upande wa miiba. Bibi alinionyesha kwa fimbo yake, kisha akaigusisha chini karibu na kaburi jingine, la mumewe.

"Mimi nataka hapa. Wakiliuza tena shamba, waambie hiki kipande wasikihesabu."

Niwaambie akina nani? Sikuwajua. Basi nimeandika hapa, labda yupo kati yenu anayewajua.