Mchezo wa Vita Juu ya Meza: Hukumu Yake na Mafunzo Yake

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad S.A.W., na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wanavyuoni wetu wana msingi mmoja waliotufundisha tangu tukiwa wadogo, nao ni huu: kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Asiyelijua jambo hana ruhusa ya kusema hili ni halali wala hili ni haramu. Msingi huu twausoma wengi na twautumia wachache. Mtu husikia jina la kitu tu, na hukumu ishamtoka mdomoni. Kwa hivyo nimeona niwaeleze ndugu zangu wasomaji kisa kimoja, kwani ndani yake mna mas-ala ya sharia, mna tarikhi, na mna shauri la nyumba.

Ninaye rafiki niliyesoma naye chuo kimoja Mombasa, Mji wa Kale. Alikwenda Uingereza akiwa kijana, akawa mwalimu wa tarikhi katika skuli za huko mpaka alipostaafu. Mkewe amefariki, na sasa anakaa na mwanawe na mjukuu wa miaka 17. Huyu rafiki yangu ana mchezo alioupata kwa walimu wenzake: kupanga majeshi ya kale juu ya meza, askari wadogo wa risasi wasiozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba, na kupigana vita vile vilivyopiganwa na watu wa zamani. Mjukuu wake alikuwa akicheza naye tangu utotoni. Kisha kijana akasikia kwa wenzake kuwa yale ni masanamu na nyumba yenye masanamu haina baraka. Akamwambia babu yake ayachome. Mzee akakataa. Miezi minne wakawa wanakula sahani moja na hawasemezani ila kwa salamu. Nilipofika huko mwaka jana kumwangalia rafiki yangu, wote wawili walinitaka niamue baina yao.

Nikawaambia: "Sitaamua mpaka nione." Mzee akacheka, akaenda kufungua kabati.

Mchezo huu, ndugu msomaji, asili yake si ya watoto. Ulianza kwa maofisa wa jeshi la Prussia, katika nchi za Wajerumani. Mwaka 1812 mtu aitwaye von Reisswitz alimwonyesha mfalme wake vita vya mezani, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, akautengeneza upya na kuuchapisha ili maofisa wajifunze. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells akaandika kitabu chake Little Wars, ukaingia majumbani. Mwaka 1969 kikundi kiitwacho Wargames Research Group kikatoa kanuni za vita vya zama za kale, na mwaka 1990 kikatoa kanuni fupi ziitwazo De Bellis Antiquitatis. Katika hizo kila jeshi lina vikosi 12 tu, kila kikosi kimegandishwa juu ya kibao chake, na uwanja ni kiasi cha sentimita 60 kila upande. Atakayetangulia kupoteza vikosi vinne, akiwa amepoteza zaidi ya mwenzake, ameshindwa.

Sasa tuitazame hukumu. Ama hivyo visanamu, yajulikana kwamba Bibi Aisha R.A. alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa za kitambaa, na Mtume S.A.W. alimwona akacheka. Wanavyuoni wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo la masanamu. Kwa watu wazima wamekhitilafiana, na atakayejiepusha amefanya vyema. Lakini kitu kinachotukuzwa na kuwekwa juu si sawa na kitu kinachotupwa ndani ya sanduku kama misumari, hutolewa kufundishia kisha kikarudishwa. Kwa hilo sikuona sababu ya kumtenga babu.

Ama fedha, hawachezei hata senti moja. Ama wakati, nimemshartia kuwa adhana ikilia vibao vibaki vilivyo.

Yenye uzito ilikuwa dadu. Kwa kanuni zile, kila zamu hutupwa dadu kujua mchezaji ana amri ngapi, na kila vikosi viwili vikikutana hutupwa tena kujua kipi kimeshinda. Na sisi watu wa madhehebu ya Imamu Shafi R.A. twajua kauli ya wanavyuoni wetu: mchezo unaotegemea hisabu na fikra si haramu, na unaotegemea bahati nasibu kama dadu ni haramu. Hapo kijana alikuwa na hoja, na nilimwambia mbele ya babu yake kuwa ana hoja.

Mzee akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulijua. Mwaka 1876 ofisa mmoja wa Prussia, jina lake Verdy du Vernois, alisema dadu na majedwali viachwe, na badala yake akae mwamuzi mwenye ujuzi, atazame hali ya uwanja, aseme nani ameshinda na kwa nini. Basi dadu zikatiwa ndani ya mtoto wa meza. Tukakubaliana kila mmoja awe na amri nne kila zamu, sawa kwa sawa, na mapambano yote yaamuliwe na mwamuzi. Na mwamuzi nikamtaka awe yule kijana. Akababaika, akasema, "Sheikh, mimi nitawahukumu nyinyi?" Nikamjibu kuwa nyumba nzima hakuna anayezijua kanuni zile kuliko yeye.

Tulicheza vita vya Ninawa, karibu na Mosul ya leo, mji wa watu wa Nabii Yunus A.S. Vita hivi msomaji wa Qurani ana haja ya kuvijua. Warumi wa Konstantinopoli na Waajemi walipigana tangu mwaka 602 mpaka 628. Waajemi waliitwaa Damascus mwaka 613 na Baitul Muqaddas mwaka 614, kisha Misri. Hapo ndipo iliposhuka Suratur Rum, kuwa Warumi wameshindwa, nao watashinda katika miaka michache. Makureshi walicheka. Imepokewa kuwa Sayyidna Abubakar R.A. aliwekeana na mmoja wao kwa jambo hilo, na hayo yalikuwa kabla ya kuharamishwa kamari. Na tarehe 12 Desemba 627, yaani mwaka wa sita wa Hijra, Hirqal alilivunja jeshi la Waajemi hapo Ninawa, na jemadari wao Rahzadh akauawa. Miezi michache baadaye Kisra mwenyewe aliondolewa katika ufalme na akauawa.

Rafiki yangu, kwa adabu ya mgeni, akanipa Warumi. Nikamwambia, "Ile aya ishatimia tangu mwaka 627, haingoji meza yetu. Nipe Waajemi."

Jambo la kwanza nililoliona ni hili. Vikosi vilivyosimama bega kwa bega, safu moja, husogezwa vyote kwa amri moja. Vilivyotengana, kila kimoja kinataka amri yake. Mwenye safu iliyonyooka, amri nne humtosha kuendesha jeshi zima na zikabaki. Mwenye jeshi lililotawanyika, amri nne hazimtoshi kitu, na nusu ya watu wake hukaa wakitazama wenzao wakimalizwa. Waliotunga kanuni hizi ni Waingereza, nao hawakuwa na haja ya kutuwaidhi sisi. Lakini kila Imamu anaponyoosha safu msikitini awaambie watu habari hii.

Jambo la pili lilitokea zamu ya tano. Wapanda farasi wa mzee walizungukwa upande wa kushoto. Mzee akashikilia kuwa kilima kinawalinda. Kijana akatazama uwanja muda mrefu, jasho likimtoka, na mimi nikamwona anavyotafuta njia ya kumstahi babu yake. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Babu, mgongo wao uko wazi. Kikosi hicho kimekwisha." Mzee akakinyanyua mwenyewe, akakitia sandukuni. Zamu iliyofuata nilitaka kuwaokoa watu wangu wa pembeni, na kijana akaniambia mimi, "Sheikh, hao wako mbali na jemadari wako, amri yako haiwafikii." Nikaacha. Toka hapo akahukumu bila ya kutetemeka, na hakupendelea.

Nilipoteza vikosi vinne, mzee akapoteza vitatu. Warumi wakashinda.

Mzee akampa mjukuu wake mkono. Kijana akaanza kuvirejesha vibao sandukuni, Warumi na Waajemi pamoja, na akamwuliza babu yake kile kikosi kimoja kingesimamia watu wangapi katika vita vya kweli. Mzee akamwambia, mamia. Akavihesabu vibao saba vilivyotolewa, akanyamaza. Kisha babu akamweleza yaliyobaki: kwamba wale wawili walitwangana miaka 26 mpaka hazina zao na mashamba yao vikakauka. Mwaka 636 jeshi la Warumi likavunjika Yarmuk, na mwaka 637 Madain, mji wa Kisra, ukafunguliwa na Waislamu. Mshindi wa Ninawa hakukaa na ushindi wake hata miaka kumi. Walikaa wakizungumza hadi Isha, na hiyo ndiyo miezi minne ilivyokwisha.

Ndugu zangu wasomaji, simwambii mtu anunue askari wa risasi. Ninalosema ni kuwa majumbani mwetu mna vita vya namna hii. Kijana anarudi na neno alilolisikia nje, na huenda nusu yake ni kweli. Mzee anaona amevunjiwa heshima, na nusu ya ghadhabu yake ni haki. Kila mmoja akisimama na ngome yake, mshindi hatakuwa na nyumba ya kukaa. Mzee aikubali haki hata ikitoka kwa aliyemlea, kama alivyoziweka dadu zake. Na kijana ajue kuwa kukataza baya ni wajibu, lakini sharti alijue kwanza, na aseme kwa ulimi ambao babu yake ataweza kuusikiliza. Na sisi tunaoulizwa fatwa, tuinuke twende tukaone.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi nanyi. Amin.