Mguu wa Kushoto wa Mama

Uliza fundi yeyote wa Toyota kati ya Ruiru na Thika kama Probox ya oto inaweza kugeuzwa iwe manyuali. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Inawezekana. Probox zilitoka Japani za aina zote mbili, kwa hivyo vipuri vya kuhamisha vinapatikana. Hilo ndilo swali nililouliza mwaka jana. Kuna lingine ambalo sikuliuliza, na ndilo ninaloandikia leo.

Gari ni la Mama. Mara tatu kwa wiki alikuwa anatoka Ruiru saa kumi alfajiri, anaingia Thika Road, ananunua vitunguu, hoho na parachichi soko la Madaraka pale Thika, na kufikia saa moja asubuhi amesharudi kibandani anapanga. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka 51. Leseni yake ni B1, yaani gari dogo la oto peke yake. Hakuchagua oto kwa uvivu. Goti lake la kushoto liliharibika zamani, na kwenye oto mguu huo hauna kazi yoyote. Unakaa tu.

Giaboksi ya kwanza ilikufa karibu na Juja, mzigo ukiwa ndani. Tukanunua nyingine ya mtumba, ikadumu miezi saba. Ilipoanza kuteleza nayo, unakanyaga mafuta, injini inalia, gari halisongi, Mama alikuwa Murang'a kwa matanga. Angekaa siku nne.

"Kijana," fundi akaniambia, "nikikuwekea oto nyingine tutaonana tena kabla ya Krismasi. Manyuali ni klachi tu. Ikiisha unabadilisha, unaendelea na maisha."

Alikuwa na hoja. Giaboksi ya oto inaishi kwa mafuta yake maalum na presha yake, na ukinunua ya mtumba huwezi kujua mwenye gari huko alikotoka alikuwa anabadilisha hayo mafuta au la. Manyuali ina mambo machache ya kuharibika, na fundi wa kawaida anaifungua na kuifunga bila kuhitaji kompyuta.

Lakini hoja ya fundi haikuwa sababu yangu yote. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Tangu siku hiyo, kila nikianza kitu, watu wa nyumbani wanangoja nikiache. Wiki hiyo nilikuwa nimelipwa pesa za makala ndefu, pesa nzuri kwangu, na nilitaka kuanza kitu kikubwa, nikilipie, nikimalize, Mama arudi akute gari linanguruma. Halafu kuna ule upuzi wa vijana, kwamba oto ni gari za wamama. Fundi aliusema, nami nikacheka. Nilicheka nikiwa nimeegemea gari la mama yangu.

Nilishinda gerejini siku tatu. Walishusha giaboksi nzima na shafti zake. Wakatoa ile sahani nyembamba iliyofungwa nyuma ya injini, wakaweka flaiwili nzito, kisha pleti ya klachi na beringi yake. Wakatoboa ukuta wa mbele kupitisha silinda ya klachi. Pedali pana ya breki ikatoka, ikaingia nyembamba, na ya klachi kando yake. Mfumo wa kupoza mafuta ya oto kwenye rejeta ukazibwa.

Tulipogeuza funguo, kimya. Fundi akacheka. Gari la oto halikubali kuwaka mpaka lione gia iko P au N, na sasa hakukuwa na P wala N ya kuona. Akaunganisha nyaya mbili, likawaka. Taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka pia, na haijazimika hadi leo, kwa sababu kompyuta bado inaitafuta ile giaboksi iliyotolewa. "Hiyo usijali," fundi aliniambia.

Mama alirudi Jumapili jioni. Alifungua mlango wa dereva, akaweka mkoba kwenye kiti, akaangalia chini.

"Hii ya tatu ni ya nini?"

"Ni klachi, Mama. Sasa haitakusumbua tena, na nimelipa yote."

Akanyamaza kidogo. "Na mimi nitaikanyaga na nini?"

Jumapili iliyofuata tulijaribu kwenye uwanja wa shule moja, maana barabarani leseni yake haimruhusu manyuali. Alizima mara sita. Mara ya saba gari likaondoka vizuri, akaingiza gia ya pili, na kwa mita kama hamsini nilidhani nimeokoka. Jioni goti lilikuwa limevimba hivi kwamba alipanda ngazi za ploti yetu kinyumenyume. Hatukurudi tena.

Kwa hivyo ninaendesha mimi. Siku moja kengele ya simu ilinipita usingizini. Nilishuka mbio saa kumi na moja kasoro, nikamkuta ameketi kiti cha abiria gizani, mkanda umefungwa, magunia matupu mapajani. Alikuwa pale karibu saa nzima.

"Si ungeniamsha?"

"Ulikuwa umelala," alisema.

Huyu ni mtu aliyekuwa haombi yeyote ruhusa ya kutoka nyumbani. Gari ni zima, haliteleze, halijatuangusha njiani hata mara moja. Kazi ya fundi ni safi. Ila kwa siku zote nne hakuna kati yetu aliyeuliza nani analiendesha, wakati simu ya Mama ilikuwa hewani muda wote. Ningepiga tu.

Mwezi uliopita nilikuwa nampigia hesabu za mauzo nikakuta ukurasa wa nyuma wa daftari lake. Alikuwa ameenda kwa fundi peke yake, kwa matatu, akauliza bei. Ameandika juu: "Gari, kurudisha oto, 58,000." Chini yake: 500. 500. 300. 1,000.

Hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Nilichukua kalamu nikaongeza mstari: 2,000, nikaweka noti mbili katikati ya kurasa. Jumamosi nilipolifungua tena, noti zilikuwa zimeondoka, na kando ya ile 2,000 alikuwa ameweka alama ya tiki.