Paka wa Lamu na Msala wa Bi Mkubwa

Ukishuka mashua itokayo Mokowe na kukanyaga gati la Lamu, wa kwanza kukulaki si mtu. Ni paka. Amekaa juu ya ukuta wa bahari, mwembamba, shingo ndefu, masikio yamesimama wima, anakutazama kana kwamba wewe ndiwe uliyechelewa. Wapo wasemao kuwa paka hawa wanafanana na wale waliochorwa na Wamisri wa kale, na wengine hudai kuwa walikuja na majahazi. Mimi sikwenda kupima nasaba yao. Nilikwenda kupumzika, Jumatatu hadi Jumamosi, na siku hizo sita, mpenzi msomaji, nilizitumia kuchunga haja za watoto watatu wa paka.

Nyumba niliyofikia iko ndani ya mji mkongwe, ule ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001. Unaingilia dakani, penye baraza mbili za mawe, kisha unapinda na kutokea kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu. Baada ya hapo ni vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wa chumba cha Lamu huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Katika chumba kimojawapo Bi Mkubwa, mama wa mwenyeji wangu, hutandika msala wake kando ya ukuta.

Msala huo ndio uliozua kesi. Paka mwenyewe hana neno. Katika Uislamu mnyama huyu huhesabiwa tohara, naye hupita atakapo. Mkojo wake ndio najisi, na wiki moja kabla sijafika msala ulikuwa umelowa mara mbili.

“Mwanangu,” Bi Mkubwa aliniambia tulipokuwa tukinywa chai, “mama yao sina ugomvi naye, amewamaliza panya. Lakini msala ukilowa tena, Ijumaa hawa wadogo wataenda zao soko la samaki.”

Wajukuu walinitazama mimi. Nilikuwa nimepita sokoni asubuhi hiyo na kuwaona madume yenye masikio yaliyochanika yakigombea matumbo ya changu. Mtoto wa paka wa wiki tano hangemaliza usiku pale.

Basi nikakaa sakafuni nikawatazama. Haukupita muda nikaona jambo. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hufyonza unyevu wenye chumvi kutoka ardhini. Unyevu ukikauka, chumvi huganda na kuivunjavunja lipu, na unga mweupe, laini kama poda, huanguka chini ya ukuta. Sasa jifanye paka wa wiki tano. Tangu ulipozaliwa hadi wiki ya tatu hivi, mama yako ndiye aliyekulamba tumbo ili upate haja, kisha akafuta athari zote. Halafu siku moja miguu yenyewe inakuambia tafuta kitu cha kufukua na kufukia. Unakutana na unga ule. Nani atakulaumu? Msala ulikuwa jirani tu, na mahali palipokwisha kunukia mkojo paka hurudi.

Hapo nilijiona mjuzi, nikakimbilia dukani kununua siki. Katika fleti yangu Nairobi ndivyo nifanyavyo, sakafu ikiwa ya vigae. Mjukuu mkubwa, anayejifunza ufundi wa lipu, alinizuia mlangoni. Alidondosha tone la siki juu ya kipande cha lipu kilichoanguka, nalo likatoa povu. Siki huila chokaa! Jiki nayo sikuithubutu, maana ikikutana na mkojo hutoa hewa inayodhuru kifua. Tulinyonya unyevu kwa matambara makavu, tukafua msala kwa sabuni na kuusuuza kwa maji mengi, tukauanika juani darini. Sakafu tuliiosha hivyo hivyo. Bi Mkubwa alitaka afukize udi, nami sikumkatalia, ila udi hudanganya pua ya mtu tu.

Unga wa ukutani tuliufagia na kuendelea kuufagia kila asubuhi. Mahali pake tulitafuta beseni lililopasuka, tukalikata ukingo ukabaki kimo cha vidole vinne, tukalitia mchanga. Si mchanga wa vilima vya Shela, maana vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya mji. Jirani alikuwa akikarabati ukuta akatupa debe moja. Beseni likawekwa pembeni mwa kiwanda, mbali na sahani yao ya samaki, kwani paka hapendi choo karibu na chakula.

Kazi yenyewe ni ya saa, kama kunyonyesha. Kila walipoamka, na kila walipomaliza kula, wajukuu waliwabeba mmoja mmoja hadi mchangani na kuwaachia wafukue. Mdogo wa mwisho alitaka kumsugua pua mmoja wao aliyekosea, kama alivyoona watu wazima wakifanya. La hasha! Paka haelewi kosa. Anajifunza kukuogopa, halafu anajificha chini ya kitanda kufanya yale yale.

Kufikia Jumatano wawili walikwenda wenyewe. Wa tatu, mwekundu, aligoma. Tuligundua kuwa pampu ya maji iliyoko kiwandani ikinguruma yeye hutoroka. Tukampa beseni la pili pale pale alipopazoea, chini ya ukuta, na msala ukahamia upande wa pili. Beseni lake lingesogezwa taratibu kuelekea mlangoni, shubiri moja kwa siku.

Neno moja kuhusu kuzoa mavi. Mkaza mwana wa nyumba ile ni mjamzito, kwa hiyo kazi hiyo ilipewa wengine. Kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vimelea hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana mchanga huzolewa kila siku, na mikono huoshwa.

Ijumaa alfajiri niliamka kwa adhana nikabaki nimelala, nikisikiliza. Maji ya udhu yalimwagika. Msala ukatandikwa. Kimya kirefu.

Jumamosi nilikuwa dakani nikifunga viatu, mpagazi ameshautwaa mfuko wangu, niliposikia sauti ya Bi Mkubwa kutoka kiwandani ikimwita mjukuu wake.

“Ndoo! Mwambie jirani anipe debe jingine. Mtanga wa paka umekwisha.”